"Fafanua": kisa cha mwalimu wa muda na darasa la uandishi la mtandaoni

Neno lenyewe lilikuwa "Fafanua." Nililihesabu mara 41 katika insha 14. Pembeni ya aya ya kwanza, Fafanua. Pembeni ya mfano ambao kwa kweli ulikuwa umeelezwa vizuri tu, Fafanua. Pembeni ya hitimisho, Fafanua tena, safari hii na alama mbili za kuuliza. Ilikuwa wiki ya nne ya muhula. Niliingia kwenye darasa hilo kwa sababu msimamizi wa mfumo aliniandikia kwamba kati ya wanafunzi 38 waliosajiliwa, waliowasilisha insha ya kwanza ni 14 tu.

Nieleze kwanza mwenye darasa ni nani, maana ukianzia hapo utadhani ni mzembe. Jina lake naliacha. Nitamwita mwalimu wa jioni, kwa kuwa vipindi vyake vyote kwetu vilikuwa vya jioni, baada ya kutoka vyuo vingine viwili anakofundisha pia kwa muda. Alikuwa amefundisha uandishi ana kwa ana miaka 11. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lake. Alichukua sentensi ya mwanafunzi, akaisoma kwa sauti polepole, akanyamaza, akamtazama mwenyewe. Mwanafunzi akacheka: "Nimeona, mwalimu." Kosa likawa limesahihishwa bila mtu yeyote kulitaja. Walimu wanaoweza hivyo si wengi, na mimi si mmoja wao.

Mimi nilikuwa mratibu wa somo la uandishi chuoni hapo, na mafunzo aliyopewa kabla ya kuingia mtandaoni niliyaandaa mimi. Kwa hiyo kisa hiki ni changu kama kilivyo chake.

Mafunzo ya Jumamosi mbili

Chuo kiliamua kuhamishia somo la uandishi wa kitaaluma mtandaoni, mikondo saba, na sita kati yake ilikuwa mikononi mwa walimu wa muda. Hilo halishangazi. Somo la uandishi la mwaka wa kwanza huwaangukia walimu wa muda mara nyingi: mikondo ni mingi, kusahihisha ni kwingi, na mwenye ajira ya kudumu akipata pa kulikwepea hulikwepa.

Niliandaa mafunzo ya Jumamosi mbili kuhusu Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Namna ya kuingia, kupakia faili, kufungua jukwaa la majadiliano, kuweka tarehe ya mwisho, kuingiza alama. Mwishoni kila mmoja alitakiwa kufungua zoezi, kupokea kazi moja ya majaribio na kuirudisha ikiwa na alama. Wote sita walifaulu. Nikaandika katika ripoti kwamba walimu "wako tayari." Ripoti hiyo bado ninayo, na huwa naisoma ninapotaka kujipunguza kidogo.

Siku zote mbili hatukugusa uandishi hata kwa dakika tano. Hakuna aliyeuliza unamfundishaje kuandika mtu ambaye uso wake huuoni. Hata mimi sikuuliza. Tena mafunzo hayakuwa na malipo, kwa kuwa mkataba wa muda unahesabu saa za kipindi na si zaidi. Wawili walichelewa wakitoka kufundisha kwingine, na mmoja alifuatilia Jumamosi ya pili yote kwenye simu, ndani ya basi.

Nilichokikuta

Maagizo ya insha ya kwanza yalikuwa haya, nayanakili kama yalivyo:

"Andika insha ya maneno 600 kuhusu mada uliyoichagua. Zingatia mtiririko, hoja na ushahidi. Mwisho Ijumaa."

Yangeandikwa ubaoni, yangetosha kabisa. Ubaoni yangefuatwa na dakika ishirini za mikono juu: mada yoyote, mwalimu? Ushahidi wa kutoka wapi? Naruhusiwa kuandika "mimi"? Mtandaoni maswali hayo yalikosa pa kwenda. Chini ya maagizo kulikuwa na swali moja tu, la saa tano usiku: "Mwalimu, Ijumaa saa ngapi?" Halikujibiwa.

Na hilo ndilo swali lililobeba mzigo. Mfumo wetu, usipoubadilisha, ulikuwa ukiweka mwisho wa zoezi kuwa saa 00:00. Ijumaa 00:00 kwa kompyuta ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ikimalizika. Kwa mwanafunzi aliyesoma "Mwisho Ijumaa," Ijumaa ilikuwa bado haijaanza. Tisa walikuja Ijumaa mchana na insha zao mkononi wakakuta mlango umefungwa. Mwalimu wa jioni hakujua. Yeye aliona wanafunzi wavivu, wao wakaona mwalimu mkali, na kila upande ulikuwa na ushahidi. Katika mafunzo yangu tuliifanyia mazoezi tarehe ya mwisho. Saa hatukuifanyia.

Sasa maoni pembeni. Nachukua aya moja, ya mwanafunzi wa kike ambaye nitamrudia:

"Simu za mkononi zimebadilisha namna watu wanavyosoma. Zamani watu walisoma vitabu. Siku hizi watu wanasoma kwenye simu. Hii ina madhara mengi."

Pembeni: "Fafanua." Mwisho wa insha: "Hoja haina mashiko. 11/20."

Mwanafunzi alitii. Rasimu yake ya pili ilisomeka hivi: "Zamani, yaani miaka mingi iliyopita kabla ya simu, watu walisoma vitabu, yaani vitabu vya karatasi." Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Ameambiwa afafanue, naye amefafanua. Neno halikumwambia afafanue nini, kwa nani, wala kwa nini, basi akarefusha pale ambapo kurefusha kulikuwa rahisi.

Dhambi hii si mpya, wala haikuzaliwa na intaneti. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alichapisha utafiti kuhusu maoni ambayo walimu huandika kwenye kazi za wanafunzi, akaonyesha kwamba mengi hayakuihusu kazi ile iliyo mbele ya mwalimu: ungeweza kuyang'oa ukayagonga kwenye insha nyingine kama mhuri, yakakaa vilevile. Walimu tumegonga mihuri miaka mingi. Ila darasani mhuri ulikuja na mtu. Mwanafunzi angeweza kumfuata mwalimu mlangoni na karatasi yake, akaonyeshwa kwa kidole.

Kulikuwa na jambo la tatu, ambalo niligundua kwa bahati nilipofungua darasa lile kwenye simu yangu. Maoni ya pembeni ya faili yalikuwa hayaonekani. Programu ya kusomea faili kwenye simu iliyaficha. Kwa hiyo baadhi ya wanafunzi hawakuona hata hilo neno moja. Waliona 11/20 na ukurasa mtupu.

Simu ya jioni

Nilimpigia. "Mzee, nimepita darasani kwako."

"Umeona walivyo wavivu?"

Nikamwomba achukue "Fafanua" moja tu, ile ya binti wa simu na vitabu, anieleze alitaka nini. Akanieleza kwa dakika sita bila kupumzika, na nilijuta kutorekodi. Huyu binti, alisema, anadai madhara ni mengi lakini hajachagua hata moja. Akichagua moja, insha itajiandika yenyewe. Na kwa nini anatuambia habari za "watu"? Yeye mwenyewe anasoma nini kwenye simu? Muda gani? Anakatizwa na nini? Aanzie hapo.

"Hayo ndiyo ungemwandikia," nikamwambia.

Kimya. Halafu: "Mwanangu, hayo nikiwaandikia wote 38, usiku huo analipia nani?"

Sikuwa na jibu, nikafanya hesabu baada ya kukata simu. Insha moja kwa dakika 20, mara wanafunzi 38, ni saa 12 na dakika 40. Hiyo ni rasimu moja. Mtaala niliouandika mimi ulidai insha nne, kila moja rasimu mbili. Mkataba wake ulilipa saa tatu kwa wiki. "Fafanua" haikuwa uvivu. Ilikuwa bajeti.

Vyama vya walimu wa uandishi vimeshaliona hili. Tamko la mwaka 2013 la CCCC, jumuiya ya Marekani ya walimu wa uandishi wa vyuo, linapendekeza darasa la uandishi la mtandaoni lisizidi wanafunzi 20, na bora wawe 15. Tamko hilohilo linataka walimu wake wapewe mafunzo yanayolenga kufundisha uandishi mtandaoni hasa, na walipwe kwa haki. Sisi tulikuwa na 38, mafunzo ya vitufe, na Jumamosi mbili za bure.

Tatizo lilikuwa wapi hasa

Maelezo rahisi, na ndiyo ya kwanza kutolewa kwenye kikao cha idara, yalikuwa kwamba mwalimu huyu ni wa zamani na teknolojia imemshinda. Si kweli. Vitufe vyote alivijua. Alipakia, alifungua, aliweka alama kwa wakati.

Michael G. Moore, mwanadharia wa elimu ya masafa, aliueleza umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi kuwa si jambo la kilomita. Ni wa mawasiliano: mazungumzo yakipungua, umbali unakua, hata kama wote wako jengo moja. Kwa kipimo hicho mwalimu wa jioni alikuwa karibu mno na wanafunzi wake wa darasani, na mbali mno na wale wa mtandaoni, ingawa ni mtu yuleyule mwenye maarifa yaleyale.

Katika somo la uandishi mambo huwa mabaya zaidi kuliko, tuseme, hesabu. Mtandaoni kila alicho nacho mwalimu hufika kikiwa maandishi: salamu, ufafanuzi, subira, hata utani. Na kwa kuwa somo ni uandishi, maandishi hayo yenyewe ni mfano. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "andika kwa uwazi" kwa sentensi isiyo wazi anamfundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi hushika lile la pili. Hivyo kumwandaa mwalimu wa uandishi kwa mtandao ni kumfanya aandike, na mtu mwingine asome alichoandika. Mimi nilikuwa nimemwandaa kubofya.

Hali ya mwalimu wa muda inazidisha yote haya. Hana ofisi, hana korido ya kumuuliza mwenzake "wewe hili unalifanyaje?" Hupewa mkondo wiki mbili kabla ya muhula. Na darasa lenyewe hupewa likiwa limeshajengwa na mtu mwingine. Letu nililijenga mimi, mafolda 14, na hakuna mwalimu aliyewahi kuliona kwa macho ya mwanafunzi. Nami sikuwahi.

Awamu ya pili

Nilikwenda kwa mkuu wa idara kuomba mafunzo mapya yenye malipo. "Kwani si walishafunzwa?" akauliza, na ripoti yangu ilikuwa mezani kwake. Tulivutana. Niliomba saa 16 za malipo kwa kila mwalimu, nikapewa 10. Niliomba madarasa ya wanafunzi 20, nikapewa mkondo wa nane, tukashuka kutoka 38 hadi 33 au 34. Wawili kati ya sita hawakurudi muhula uliofuata, walipata saa nyingi zaidi kwingine, na waliokuja badala yao walikuwa wageni kabisa mtandaoni.

Mpango ulikuwa wa wiki nne, wote ndani ya mfumo, bila kukutana ana kwa ana hata mara moja. Walimu wangekuwa wanafunzi, mimi mwalimu. Wiki ya kwanza walitakiwa kutumia simu tu.

Na wiki ya kwanza niliwafundisha vibaya makusudi. Zoezi: "Andika maneno 300 kuhusu namna unavyofundisha. Zingatia mtiririko. Mwisho Ijumaa." Saa nikaiacha kwenye 00:00. Wanne walifungiwa nje. Wawili waliowahi niliwarudishia kazi zao Jumamosi asubuhi, kila moja na "Fafanua" tatu na 11/20.

Kundi la WhatsApp liliwaka. Mwalimu mmoja, mama aliyeanza kufundisha kabla mimi sijamaliza shule, aliandika: "Nifafanue nini? Nimfafanulie nani? Wewe umeisoma kweli hii kazi?" Mwalimu wa jioni, aliyekuwa mmoja wa waliofungiwa nje, hakuandika chochote mpaka usiku, kisha akaandika neno moja: "Tumeelewa."

Wengi wakinisimulia mbinu ya namna hii huishia hapo kwa ushindi. Mimi nisingeirudia vilevile. Yule mama aliumia kweli. Alikuwa ameandika jambo la ndani kuhusu mwaka wake wa kwanza wa ualimu, nami nikaligonga mhuri kwa makusudi. Ilimchukua wiki mbili kuniandikia tena kwa uhuru. Leo ningewaambia mapema kwamba wiki ya kwanza ni igizo. Uchungu ungepungua kidogo, somo lingebaki.

Wiki ya pili tulifanya kazi moja tu: kuandika upya maagizo. Kila mwalimu alileta maagizo yake ya kweli, mwenzake akayasoma kwa simu na kuandika kila swali lililomjia. Maagizo ya mwalimu wa jioni yalipata maswali 13. Toleo lake la tatu lilikuwa hili:

"Habari zenu. Insha hii ni ya maneno 600, kama kurasa mbili hivi. Chagua jambo moja unalolifanya kila siku ambalo simu imelibadilisha. Moja tu, usiniorodheshee yote. Aya ya kwanza inionyeshe siku moja, saa fulani, wewe ukiwa unalifanya. 'Mimi' inaruhusiwa. Ukitumia maneno ya mtu mwingine, sema umeyatoa wapi. Mwisho ni Ijumaa usiku, saa 5:59. Mfumo utaonyesha 23:59. Ukikwama, uliza hapa chini kabla ya Jumatano, maana Jumatano usiku ndipo napita kujibu."

Ukiliangalia vizuri, kila sentensi pale ni jibu la swali ambalo wanafunzi wake wa darasani walikuwa wakimuuliza kwa miaka 11. Hakujifunza kitu kipya. Aliandika alichokuwa akikisema. Hili lilinishtua zaidi nilipowaangalia wale wawili wapya. Nilitegemea mmoja wao, kijana mwepesi wa kompyuta ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa, awe wa kwanza kumaliza. Akawa wa mwisho. Alijua kuweka video na rangi, lakini hakuweza kukisia mwanafunzi atakwama wapi, kwa kuwa hakuwahi kumsikia mwanafunzi akikwama. Tukamkalisha, kwa njia ya simu, na mwalimu wa jioni. Wakabadilishana.

Wiki ya tatu ilikuwa ya maoni, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Wote sita walisahihisha insha moja ileile. Alama zilianzia 9 hadi 16 kati ya 20. Jioni nzima ikaishia hapo, tukijadili kama "mtiririko" ni kitu kimoja vichwani mwetu. Haikuwa kitu kimoja. Mmoja alimaanisha viunganishi, mwingine mpangilio wa aya, wa tatu, kwa maneno yake mwenyewe, "kama naisoma bila kukunja uso." Kama walimu sita hawakubaliani neno linamaanisha nini, mwanafunzi aliyeandikiwa "zingatia mtiririko" ana kosa gani?

Tukakubaliana hivi. Maoni kamili yaende kwenye rasimu ya kwanza. Rasimu ya mwisho ipate alama na sentensi mbili, maana mwanafunzi huisoma kama hukumu na hairudii tena. Maoni yakae ndani ya mfumo, kwenye kisanduku kinachoonekana kwenye simu, yasikae pembeni ya faili. Yataje mahali, yaseme msomaji alipatwa na nini pale, na yaombe jambo moja lifanyike. Tulijipima kwa saa: kwa mazoezi tukafika dakika 8 kwa insha. Mara 34, ni saa 4 na dakika 32. Bado mkataba haulipi zote, lakini ni jioni mbili badala ya nne.

Mwalimu wa jioni akaleta wazo la kuwa na "benki": faili lenye maelezo 12 ambayo hujikuta akiyarudia kila muhula, ayanakili badala ya kuyaandika upya. Nilipinga, nikaona mhuri unarudi kwa mlango wa nyuma. Nilikosea. Tulichoongeza ni sharti moja: sentensi ya kwanza ya kila maoni lazima iwe na maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Ukishanakili maneno yake, umeshamsoma, na maelezo ya benki yakifuata hayaumi.

Wazo lake la pili lilikuwa kurekodi maoni kwa sauti, dakika mbili kwa kila mwanafunzi. Kwake lilifaa sana. Ile sauti ya darasani ikarudi. Hata hivyo faili za sauti zilikula bando la wanafunzi. Kisha, muhula ulipoanza, mwanafunzi mmoja mwenye uziwi alikaa wiki mbili bila maoni yoyote kabla ya kuandika kwamba hasikii. Ilikuwa aibu yetu, yangu zaidi, kwa sababu kanuni ya kwanza kabisa ya tamko lile la 2013 ni kwamba darasa la namna hii lifikike kwa kila mwanafunzi, na nilikuwa nimelisoma. Tangu hapo sauti haitumwi peke yake. Lazima iwe na mistari ya maandishi inayobeba jambo lenyewe.

Wiki ya nne ilihusu wanafunzi kusomana. Kila mtu anayejaribu hili mtandaoni anajua kinachotokea: "Nzuri sana, hongera," mara thelathini. Walimu wenyewe waliandikiana hivyohivyo walipopewa nafasi, kwa hiyo si utoto. Swali lililovunja ukimya lilitoka kwa yule mama niliyemuumiza: "Nakili sentensi moja uliyolazimika kuisoma mara mbili. Sema ulidhani inamaanisha nini." Huwezi kulijibu kwa hongera.

Kuhusu insha zinazoandikwa na ChatGPT, ambayo ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, nitasema kidogo. Baadhi walitaka programu za kugundua. Nilikataa ziwe nguzo ya somo, kwa kuwa hukosea, na anayeumia zinapokosea ni mwanafunzi asiye na wa kumtetea. Tukategemea rasimu, na mazungumzo mafupi ya simu pale mwalimu aliposhuku. Mwalimu wa jioni alikuwa na kipimo chake: insha isiyo na hata sentensi moja ya kusoma mara mbili humtia wasiwasi.

Baada ya hapo

Muhula uliofuata, katika darasa lake la wanafunzi 33, waliowasilisha insha ya kwanza walikuwa 27. Ningependa kusema ni mafunzo. Lakini saa ya mwisho ilikuwa imerekebishwa, darasa lilikuwa dogo zaidi, na maoni yalionekana kwenye simu. Mambo hayo matatu peke yake yangeweza kuleta sehemu kubwa ya tofauti. Kati ya walimu sita, mmoja alikuwa amerudi kwenye "Fafanua" kufikia wiki ya sita. Ndiyo wiki aliyoanza kufundisha chuo cha tatu. Sikumpigia kumlaumu.

Mimi nami nilibadili zamu yangu ya kupita madarasani, kutoka wiki ya nne hadi ya pili, kabla mambo hayajaganda. Hapo tukagombana kidogo. Wawili waliona ni upelelezi, na kwa mtu ambaye mkataba wake unahuishwa kila muhula, hofu hiyo ina msingi. Tulimaliza kwa makubaliano kwamba naingia kwa kualikwa, nasoma maagizo na maoni matano anayoyachagua mwalimu mwenyewe, na ninachokiona hakiendi kwa mkuu wa idara. Saa za malipo wakati wa muhula, si kabla yake tu, bado tunazidai.

Yule binti wa vitabu vya karatasi alirudia somo, akaangukia tena kwa mwalimu wa jioni. Insha yake safari hii ilianza na yeye kitandani, akisoma riwaya kwenye simu, kurasa tatu, na ujumbe 11 ukiingia juu yake. Aya ya pili ikarudi kwa "watu." Maoni aliyopewa yalianza na maneno yake mwenyewe, "ujumbe 11," yakamuuliza kama huyu wa aya ya pili bado ni yeye. Siku mbili baadaye aliandika chini yake: "Mwalimu, aya ya pili nimeifuta yote. Haikuwa ya insha hii. Ya tatu inaweza kufuata moja kwa moja?"

Akamjibu saa nne usiku: "Jaribu. Isome kwa sauti, kisha uniambie pumzi inakuishia wapi."